Maswali ya wasomaji: Wizara ya ulinzi, nani anasaini nini?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: wizara ya ulinzi wa taifa na watu walioiongoza tangu uhuru. Tumechagua tano. Majina ya walioandika tumeyaacha, komini zao tumezitaja.

Baba mhariri, mwalimu amempa binti yangu kazi ya kuandika mawaziri wote wa ulinzi wa Kongo tangu 1960. Tumepata orodha tatu na hakuna mbili zinazolingana. Tushike ipi? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Mama, msishike yoyote kabla ya kujua zinapoachana. Mara nyingi zinaachana kwenye miaka ambayo mkuu wa serikali au wa nchi alijiwekea wizara hii mwenyewe. Anayetafuta mtu mwenye cheo cha waziri wa ulinzi peke yake ataikuta miaka hiyo mitupu, au ataijaza kwa jina la msaidizi.

Mfano wa kwanza ni wa kwanza kabisa. Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu na pia waziri wa ulinzi katika serikali ya uhuru. Tarehe 5 Julai 1960 askari wa Force Publique, jeshi lililoachwa na wakoloni, waliasi Léopoldville, yaani Kinshasa, na Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, baada ya mkuu wao Mbelgiji, Jenerali Janssens, kuwaambia kwamba uhuru hautabadilisha kitu jeshini. Siku chache baadaye Janssens aliondolewa, jeshi likapewa jina la Armée Nationale Congolaise, na ukuu wake akapewa Victor Lundula, aliyekuwa meya wa Jadotville, yaani Likasi yetu. Mobutu akawekwa chini ya Lundula kama mnadhimu mkuu wa jeshi. Tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, Mobutu alitwaa madaraka. Kwa hiyo waziri wa kwanza wa ulinzi alinyang'anywa jeshi lake katika muda wa miezi miwili na nusu, na aliyemnyang'anya ni ofisa aliyempandisha cheo mwenyewe. Binti asiuruke mstari huo, kwa sababu marais waliofuata waliusoma vizuri sana. Mobutu, baada ya kutwaa nchi tena tarehe 24 Novemba 1965, alibaki na wizara ya ulinzi mkononi mwake kwa miaka mingi. Laurent-Désiré Kabila naye alifanya hivyo alipoingia Kinshasa mwaka 1997.

Kuanzia 2003 orodha inanyooka. Serikali ya mpito, ile ya rais mmoja na makamu wanne, iliipa RCD, kundi la zamani la waasi, wizara ya ulinzi: Jean-Pierre Ondekane, kisha Adolphe Onusumba kuanzia 2005. Baada ya uchaguzi wa 2006 walifuata Chikez Diemu (2007), Charles Mwando Nsimba (2008), Alexandre Luba Ntambo (2012), Aimé Ngoy Mukena (mwisho wa 2014) na Crispin Atama Tabe (2015). Mwaka 2019 Ngoy Mukena alirudi. Wakaja Gilbert Kabanda Kurhenga (2021), Jean-Pierre Bemba (Machi 2023) na Guy Kabombo Muadiamvita (2024).

Kinachobaki kugombanisha orodha ni tarehe. Serikali ya waziri mkuu Bi Judith Suminwa ilitangazwa mwishoni mwa Mei 2024, lakini Bunge la taifa liliipigia kura ya imani mwezi wa Juni, na makabidhiano ya ofisi yakafuata. Mwandishi mmoja anahesabu tangu kutangazwa, mwingine tangu makabidhiano. Binti achore safu nne: jina, tarehe ya amri ya rais, tarehe ya makabidhiano, na cheo kamili. Safu ya cheo ndiyo inayookoa kazi, kwa sababu kuna waziri, kuna naibu waziri, kuna waziri mjumbe aliyefanya kazi chini ya rais, na kuna anayeshikilia nafasi kwa muda. Luba Ntambo, Bemba na Kabombo wote walikuwa manaibu waziri mkuu wakisimamia ulinzi. Mtu asipoangalia atadhani ni kazi nyingine. Amri ya rais inatambulika kwa nambari yake: tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka. Amri 21/015 ya tarehe 3 Mei 2021, kwa mfano, ndiyo iliyotangaza hali ya kuzingirwa (état de siège) Ituri na Kivu ya Kaskazini.

Kweli Wakatanga ndio walioishika wizara hiyo kwa muda mrefu? (Kijana wa Kamalondo)

Kuanzia 2007 hadi 2015, ndiyo: Chikez, Mwando, Luba Ntambo na Ngoy Mukena, wanne mfululizo, wote wa Katanga ya zamani kabla haijagawanywa. Usitoe hesabu kubwa hapo. Katiba inadai uwiano wa majimbo katika idadi ya askari na katika ukamanda, kifungu cha 189. Juu ya kiti cha waziri haisemi kitu.

Vita vikienda vibaya, watu wanasema waziri wa ulinzi afukuzwe. Mimi nasema waziri hana bunduki hata moja. Nani ana haki? (Baba wa Ruashi)

Baba, uko karibu na ukweli kuliko majirani zako, ila si ukweli wote. Kamanda mkuu wa jeshi ni rais, kifungu cha 83 cha Katiba. Yeye ndiye anayeongoza Baraza kuu la ulinzi, na asipokuwepo waziri mkuu anaongoza. Chini yake yuko mkuu wa majeshi, ambaye tangu Desemba 2024 ni Jenerali Jules Banza Mwilambwe, aliyempokea Christian Tshiwewe. Mkuu huyo ana wasaidizi wawili: mmoja wa operesheni na ujasusi, mwingine wa utawala na lojistiki. Toka hapo amri inashuka hadi mikoa ya kijeshi: wa 22 hapa Lubumbashi, wa 33 uliokuwa Bukavu na wa 34 uliokuwa Goma hadi mwanzoni mwa 2025. Amri ya kusogeza batalioni haipiti mezani kwa waziri.

Lakini usimtoe waziri lawamani haraka. Majenerali, mkuu wa majeshi na makamanda wa vikosi vikubwa huteuliwa na rais kwa pendekezo la serikali, likijadiliwa katika baraza la mawaziri, Baraza kuu la ulinzi likiwa limesikilizwa, na waziri mkuu akiweka saini yake pembeni ya ile ya rais. Ndivyo kifungu cha 81 kinavyotaka. Waziri wa ulinzi yumo katika pendekezo hilo. Sheria za jeshi, bajeti, manunuzi, chakula, matunzo ya maaskari wa zamani, hayo ni yake. Askari akikosa risasi kwa sababu hazikupelekwa, muulizeni kamanda. Akizikosa kwa sababu hazikununuliwa, muulizeni waziri. Kwa maoni yetu mijadala mingi ya mitaani inapotea hapo, na wanaosimamia lojistiki wanapumua bila kuulizwa.

Mbunge wetu alituahidi kumwangusha waziri wa ulinzi. Anaweza? (Mama wa Kampemba)

Peke yake hawezi. Anaweza kuanza na swali la maandishi, swali la mdomo, kumwita waziri ajieleze, au kuomba tume ya uchunguzi. Kumwangusha kunahitaji hoja ya kutokuwa na imani iliyosainiwa na sehemu moja ya kumi ya Bunge la taifa. Viti ni 500, basi saini 50. Kura inapigwa baada ya saa 48 tangu hoja kuwekwa, na inahitaji wingi kamili, yaani kura 251. Ikipita, waziri anahesabiwa amejiuzulu.

Hoja nyingi zinakufa katika zile saa 48. Waliosaini wanapigiwa simu, vyama vinawavuta, wengine wanaondoa saini. Na hoja ikikataliwa, wale waliosaini hawawezi kuleta nyingine katika kikao hichohicho. Muulizeni mbunge wenu kama ana saini 60 au 65 mkononi, si 50 kamili. Akiwa na 50 tu, mmoja akitoka hoja imekufa.

Mume wa dada yangu ni askari wa kambi Vangu, mshahara wake unachelewa. Tumwandikie waziri? (Msomaji wa Annexe)

Andikeni, lakini jueni kwanza pesa imekwama wapi, kwa sababu barua isiyotaja hatua inazunguka tu.

Zamani pesa ilishuka kwa njia ileile ya amri: kutoka Kinshasa hadi mkoa, brigedi, batalioni, na kamanda ndiye aliyegawa. Kamanda alilipwa kwa orodha aliyoitengeneza mwenyewe, basi majina ya marehemu, ya waliotoroka na ya wasiokuwepo kamwe yakabaki humo. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uitwao EUSEC, uliofika 2005, ulisaidia kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri: askari kuhesabiwa, kupigwa picha na alama za vidole, kupewa kadi, na timu nyingine kubeba pesa. Baadaye malipo yalianza kupitia benki. Kati ya mageuzi yote ya jeshi letu, hili ndilo lililoingia moja kwa moja ndani ya sufuria ya familia, na linastahili kulindwa kila siku.

Leo matumizi ya serikali yanapita hatua nne: kutenga pesa, kuhakikisha kiasi, kuamuru malipo, kulipa. Mbili za kwanza ziko wizara ya bajeti, ya tatu iko fedha, ya nne inapita benki kuu. Kwa hiyo kambi nzima ikikosa mshahara, tatizo karibu kila mara liko Kinshasa, na mara nyingi liko nje ya wizara ya ulinzi. Akikosa mtu mmoja huku wenzake wamelipwa, tatizo ni la orodha: amehamishwa na jina limebaki kikosi cha zamani, namba yake ya jeshi imeandikwa vibaya, au jina limeandikwa Muamba huku kwenye kadi ni Mwamba.

Kwa shemeji yenu, fanyeni hivi. Apate nakala ya kadi yake, ya barua ya uhamisho wa mwisho, na ya karatasi ya benki inayoonyesha mwezi wa mwisho aliolipwa. Alinganishe jina na namba kwenye karatasi zote tatu, herufi kwa herufi. Dosie ianzie kwa ofisa utawala wa kikosi chake, ambaye anapaswa kuweka mhuri wa kupokea kwenye nakala ya pili. Bila mhuri huo hamna ushahidi kwamba iliwahi kufika. Kutoka hapo iende mkoa wa 22. Barua kwa waziri iwe ya mwisho, ikitaja tarehe za mihuri hiyo miwili, na isainiwe na askari mwenyewe, maana barua iliyosainiwa na ndugu itawekwa pembeni.