Forester inalia ukikata kona: usikimbilie kununua pampu

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nipo Mbeya, nina Subaru Forester SG5 ya mwaka 2005, injini EJ20 isiyo na tabo, nimeinunua mkononi kwa mtu ikiwa imeshatembea km 190,000 na kitu. Shida yangu ni stelingi. Asubuhi nikiwasha, na baridi la huku unalijua, inaanza kulia nguuuu, nikikanyaga mafuta mlio unapanda, nikikata kona kutoka getini ndo kabisa watu wanageuka. Ikipata moto inapungua ila haiishi. Usukani mara mwepesi mara unagoma kidogo alafu unaachia. Chini sioni tone lolote na mafuta ya stelingi kwenye kopo hayapungui. Fundi wa gereji kasikiliza dakika moja tu kasema pampu ya stelingi imekufa nitafute ya mtumba. Kabla sijatuma hela Dar naomba ushauri wako.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hiyo hela isitume kwanza. Pampu ndo inayolia, hapo fundi wako yuko sahihi, ila kulia kwa pampu na kufa kwa pampu ni vitu viwili, na kwenye hizi Forester mara nyingi sana pampu inalia kwasababu inakunywa hewa.

Ngoja nikueleze inavyofanya kazi maana ukielewa hapa hakuna mtu atakuuzia kitu usichohitaji. Pampu ina pande mbili. Upande mmoja inafyonza mafuta kutoka kwenye kopo, upande wa pili inayasukuma kwa presha kubwa kwenda kwenye raki, ile inayogeuza magurudumu, na ukikata usukani mpaka mwisho presha inaweza kupita psi 1,000. Upande wa presha ukitoboka utajua tu, mafuta yanaruka na gari inachafuka chini. Ila upande wa kufyonza hauna presha ya kusukuma kitu nje, wenyewe unavuta, kwahiyo pakiwa na upenyo mdogo mafuta hayatoki, hewa ndo inaingia. Ni mrija wa soda wenye katundu, unafyonza unapata soda na hewa pamoja na nguo yako haijalowa. Ndo maana unaniambia hakuna tone na kopo halipungui, na watu wengi wakiona hivyo wanasema basi haivuji, tatizo ni pampu. Hapana. Hapo ndo ungeanza kuwaza hewa.

Na huo upenyo kwenye Subaru yako una makazi yake. Pale mafuta yanapoingia kwenye pampu kuna o-ringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia. Kuna matoleo kopo limekaa juu ya pampu yenyewe, mengine kopo liko pembeni na hosi ndo inaleta mafuta, ila yote pale kiungio kinapoingia kwenye pampu kuna hiyo o-ringi, na ikishapigwa na joto la injini miaka kumi na zaidi inakuwa ngumu, inalala bapa, haizibi tena. Asubuhi ya Mbeya mpira umekakamaa na mafuta yamekuwa mazito hivyo pampu inafyonza kwa nguvu zaidi, hewa inaingia, mlio unakuwa mkubwa. Gari ikipata moto mpira unalainika kidogo na mafuta yanakuwa mepesi, mlio unashuka. Maelezo yako yanafanana kabisa na hii habari, ndo maana nimeanza nayo.

Sasa usiniamini kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Endesha mpaka ipate moto, paki sehemu tambarare, injini ikiwa inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta fungua kifuniko cha kopo uangalie. Mafuta mazuri ya stelingi ya gari yako ni mekundu na yametulia. Ukiona povu au vitone vingi vya hewa, au wekundu umegeuka kuwa wa pinki umefifia, hiyo ni hewa. Angalia usawa umefika wapi, zima gari, angalia tena. Mafuta yakipanda yenyewe baada ya kuzima, yaani kimo kimeongezeka na hujamimina kitu, kuna hewa ilikuwa imebanwa ndani na sasa imetanuka. Kipimo hiki hakina gharama hata shilingi na sielewi kwanini gereji nyingi hawakifanyi kabla hawajataja spea.

Ukiwa hapohapo chukua mafuta kidogo kwenye kitambaa cheupe. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamechoka, yabadilishwe hata kama tatizo ni lingine. Ukiona chembe za chuma zinametameta, hapo ndo naanza kukubaliana na fundi wako kwamba pampu imeshalika ndani.

Kuna na belti, usiiruke. Belti iliyolegea au kukauka inapiga ukelele mkali wa juu, kwiiii, hasa ukiwasha asubuhi au ukikata mpaka mwisho, wakati pampu inanguruma kwa sauti nene inayopanda na kushuka na resi. Kwenye EJ belti ya mbele inazungusha altaneta na pampu ya stelingi, AC ina ya kwake. Toa kifuniko cha plastiki gari ikiwa imezimwa, washa, nyunyizia maji kidogo juu ya belti ukiwa mbali na mikono ya shati imekunjwa, mlio ukibadilika ghafla basi belti inahusika. Ukitaka uhakika zaidi toa hiyo belti kabisa, washa injini kwa muda mfupi usikilize. Taa ya betri itawaka, usiogope, altaneta haizunguki. Pampu ya maji kwenye injini hii inazungushwa na taimingi belti kwahiyo kwa dakika moja mbili hakuna shida, lakini gari nyingine belti ya nje ndo inayozungusha pampu ya maji, huko usiige bila kuuliza. Mlio ukipotea ni kati ya pampu na altaneta, zungusha puli zote mbili kwa mkono, ile yenye mkwaruzo au inayocheza beringi yake imekwisha. Mlio ukibaki vilevile umejiepusha na kununua pampu ambayo haikuwa na kosa.

Tuseme umekuta povu. Nunua o-ringi ya pale kwenye kufyonza, ya saizi yake, na iwe ya mpira unaostahimili mafuta na joto, sio ile ya bomba la maji ya duka la hadwea, hiyo itavimba na utarudi palepale. Ifunge wakati gari imepoa, futa vizuri sehemu inapokaa maana mchanga mdogo tu unatosha kuacha upenyo, ipake ATF, yaani mafuta ya gia ya otomatiki, kabla ya kuirudisha, na kama gari yako ina hosi ya kufyonza kagua nyufa na badilisha klempu zilizolegea. Ni kazi ya asubuhi moja na hela yake haikaribiani kabisa na ya pampu.

Mafuta weka ATF aina ya Dexron III, ndo Subaru wameandika kwa gari hizi. Kwenye kopo la stelingi usiweke brek fluid hata kama umeishiwa njiani, inaharibu sili zote, yaani mipira ya kuzibia, za raki na pampu. Na yale madawa ya chupa ya kuziba mvujo siyapendi, yanavimbisha mpira kwa muda, unauza tatizo kwa wewe mwenyewe wa miezi ijayo.

Kutoa hewa ndo watu wanaharibu. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, injini imezimwa, zungusha usukani polepole kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, mara ishirini hivi, mtu mwingine akiangalia kopo lisikauke na kuongeza. Vitone vikiisha ndo unawasha na kurudia taratibu. Wengi wanawasha kwanza na kupiga resi, pampu inaipiga ile hewa inakuwa povu dogodogo ambalo haliondoki kirahisi. Ikitokea hivyo zima, iache ikae saa kadhaa, anza upya. Na ukifika mwisho wa usukani usiushikilie, sekunde chache tu uachie, ule mlio wa fsss wa pale mwisho ni valvu inapunguza presha, wa kawaida huo.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mtu anaagiza pampu ya mtumba kutoka Gerezani, kule Dar kwenye spea, fundi anafunga na o-ringi ileile ya zamani au ile iliyokuja na mtumba ambayo nayo ina umri uleule, mlio unabaki, wanasema hii nayo mbovu, inaagizwa nyingine. Au fundi kwa bahati anaweka o-ringi mpya, mlio unaisha, na pampu nzima inatupwa jalalani watu wanaamini ilikuwa imekufa. Hela ya ada ya mtoto inaondoka hivyohivyo.

Ila usikae nayo muda mrefu ukisema nimeshajua ni hewa tu. Mafuta hayohayo ndo yanalainisha pampu, yakiwa na povu vyuma vinasagana, na hapo pampu nzima kweli itakufa. Kama una safari ya Dar rekebisha kabla hujashuka mlima wa Kitonga. Stelingi ikipoteza msaada magurudumu bado yanakata, ila usukani unakuwa mzito ghafla, na katikati ya kona zile na malori nyuma sio mahali pa kugundua hilo. Ikiwa baada ya yote pampu bado inalia na kuna chembe za chuma, badilisha pampu na safisha mfumo wote, hosi na raki na kopo, maana chembe zilizobaki zitaila mpya pia.

SWALI: Habari fundi. Mimi niko Nairobi na Honda CR-V ya 2004. Steering ilikuwa poa tu, makanika akaona fluid imepungua akaongeza ile ya gari zingine, saa hii inalia na imeanza kuvuja kidogo kwa raki. Nifanyeje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Nzuri ndugu. Honda wana mafuta yao ya stelingi na wanasema wazi usichanganye na ATF, sili zao zimetengenezwa kwa hayo. Toa yote sio kuongeza juu. Vua hosi ya kurudisha kwenye kopo, iingize kwenye chupa, ziba kitobo cha kopo, mbele ikiwa juu na injini imezimwa zungusha usukani huku unamimina mafuta ya Honda mpaka yanayotoka yawe safi. Hata hii CR-V ina o-ringi kwenye kuingilia pampu, ibadilishe siku hiyohiyo. Mvujo wa raki usipoisha utahitaji sili mpya, na angalia yanadondokea wapi, yakigusa ekzosi ya moto yanaweza kuwaka.

SWALI: Fundi, RAV4 yangu ya 2008 inagonga kok kok kwenye usukani nikikata taratibu, nimetafuta kopo la mafuta ya stelingi sijaliona, limetolewa au?
Msomaji, Tanga

JIBU: Halijatolewa, RAV4 ya umbo hilo inatumia mota ya umeme, haina mafuta wala pampu, kwahiyo yote niliyosema juu hayakuhusu na mtu akikwambia anabadili mafuta ya stelingi mkimbie. Kugonga kwa namna hiyo anza na shafti ya kati, ile inayounganisha usukani na raki, viungio vyake vinachakaa. Mwambie mtu akate usukani kushoto kulia kidogokidogo gari imesimama, wewe weka mkono kwenye shafti pale juu ya pedali, mgongano ukiusikia mkononi umeipata. Ukiwa hausikiki hapo na unatokea zaidi kwenye mashimo, shuka chini uangalie tai rodi, boli jointi na linki za stabilaiza.