Maswali ya Wasafiri: Vilima vya Walenca, Honduras

SWALI: Nataka kwenda magharibi mwa Honduras mwezi wa Februari, hasa kuona ufinyanzi wa Walenca, wenyeji wa asili wa huko. Nina siku nne. Nikae mji gani, na vijijini nifikeje bila gari?

JIBU: Kaa Gracias, mji mdogo katika mkoa wa Lempira, ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1536. Ukitokea San Pedro Sula, panda basi hadi Santa Rosa de Copán, ubadilishe hapo.

Kinachoharibu safari za wengi kinaanzia Gracias. Mabasi ya vijiji vya La Campa na San Manuel Colohete yamepangwa kwa ajili ya mwanakijiji: alfajiri yanashuka na watu wenye shughuli mjini, mchana yanawarudisha. Mgeni akipanda la mchana hapati la kumrudisha jioni ile. Kwa hiyo lala huko, au kodi usafiri. La Campa ni kama kilomita 16, bajaji inafika. San Manuel Colohete ni mbali zaidi na barabara yake ni ya mlima, tafuta pikapu. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hamjaondoka. Dereva aliyelipwa kwenda tu hana sababu ya kukungoja.

Sisi tunakushauri ulale La Campa usiku mmoja, upate asubuhi nzima na wafinyanzi. Mitungi mikubwa hufinyangwa bila gurudumu: chombo kinatulia, mama ndiye anayekizunguka, akipandisha ukuta pete kwa pete na kuubana kwa vidole. Kisha husuguliwa kwa jiwe laini na kuchomwa kwa kuni. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukimchukulia mtu muda wake, nunua hata kikombe.

Kabla ya kulipa, kigonge chungu kwa kifundo cha kidole. Kikilia wazi ni kizima; sauti ikiwa butu, kina ufa hata kama huuoni. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hupitisha maji, kwa hiyo usitazamie kuweka maua ndani yake juu ya meza ya mbao. Safarini huvunjika mdomo na shingo kwanza: jaza nguo ndani hadi mdomoni, kifunge na nguo nyingine, ubebe mkononi.

Tarehe 24 Februari ni sikukuu ya Mtakatifu Mathia, msimamizi wa La Campa. Kijiji hufurika mahujaji na vyumba huisha, basi agiza mapema au lala Gracias.

SWALI: Je, mlima Celaque unapandika kwa siku moja?

JIBU: Kilele, Cerro Las Minas, kina mita 2,849 na ndicho kirefu kuliko vyote Honduras. Wenye miguu mizuri hujaribu kwa siku moja, lakini giza huwakuta njiani wakishuka. Tenga siku mbili na mwongoza njia kutoka Gracias. Siku ya kwanza fika kambi ya Don Tomás, piga hema, lala. Kesho yake ondoka alfajiri na mzigo mwepesi tu: maji, chakula, koti la mvua, tochi. Ukiacha hema pale chini utajishukuru, kwa sababu kipande cha kuelekea kambi ya juu, El Naranjo, ndicho kikali kuliko vyote: mizizi, tope, na mahali pa kupandia kwa mikono.

Huu ni msitu wa mawingu. Hulowa hata kiangazi, na ukungu ukishuka njia hupotea machoni. Funga nguo za kulalia na mfuko wa kulalia ndani ya plastiki. Pamba ikilowa haikaushiki huko juu, na usiku ni wa baridi. Maji ya vijito yachemshe.

SWALI: Nitahitaji kujua Kilenca? Na fedha je?

JIBU: Kilenca hakina tena wanaokizungumza kama lugha ya mama, Kihispania ndicho cha kila siku. Fedha ni lempira, iliyopewa jina la kiongozi wa Walenca aliyepigana na Wahispania miaka ya 1530. Sura yake iko kwenye noti ya lempira moja. Toa fedha Gracias na uzivunje hapo hapo. Noti ya 500 kijijini mara nyingi haina chenji, hivyo beba za 20, 50 na 100 za kutosha usiku wako wote wa La Campa na nauli ya kurudi.