Maswali ya Wasomaji: Pete ya Isopata

SWALI: Mteja kaniletea picha ya pete ya muhuri ya Isopata, makaburi ya kale kwenye kisiwa cha Krete, Ugiriki, anataka mfano wake. Wale wanawake ni kina nani, na niichonge vipi? – Sonara, Mwanza

JIBU: Wanawake wanne wanacheza kwenye maua, kiumbo kidogo kinachoelea juu, wataalamu wengi wanaamini ni mungu wa kike anayeshuka kuitikia ngoma. Vichwa havina nyuso, ni vitone tu. Tafadhali usiongeze macho!

Bamba, yaani uso wa pete wenye mchoro, lina umbo la yai, urefu wake ukifuata kidole. Hakikisha kwanza: picha ni ya pete au ya chapa yake, yaani alama inayoacha ikibanwa kwenye udongo? Ikiwa ya chapa, geuza kulia kuwe kushoto. Chonga kwa kuzamisha, ukijaribu kwenye udongo laini; kingo za mchongo zikiingia ndani kwa chini, udongo hunasa na chapa huchanika.