Mwanafunzi wa sheria, chagua swali moja uling'ang'anie

Wanafunzi wa sheria wakinipata, swali lao la kwanza huwa lile lile: "Tawi gani la sheria lina soko?" Najua wanachotarajia. Wanataka nitaje teknolojia, au nishati, au usuluhishi wa kimataifa, ili waende wakatafute semina yake kabla ya kuhitimu. Nami huwavunja moyo kila mara, kwa sababu nikiwa mwaka wa mwisho nilikuwa nimejaribu matawi mengi ya namna hiyo kwa mpigo, na hayakunifaa kitu.

Nilikuwa na bahasha nzima ya vyeti. Semina ya kodi siku moja, hakimiliki siku mbili, sheria ya bahari nusu siku. Nikaibeba bahasha hiyo hadi kwenye usaili wangu wa kwanza katika ofisi ya mawakili. Wakili aliyenisaili alivipitia vyeti kimoja kimoja, bila haraka, akavirudisha ndani. "Vizuri," akasema. "Sasa niambie, katika haya yote, ni swali gani umelifuatilia mpaka ukajua jambo ambalo hata mwalimu wako halijui?" Nikaanza kueleza kuhusu sheria na mabadiliko ya tabianchi. Akanikatiza kwa upole: "Hiyo ni mada, kijana. Nimekuomba swali."

Kazi sikupata, na kwa muda mrefu nilimwona mtu mwenye maringo. Siku hizi nadhani alinipa bure kitu ambacho sikukipata darasani kwa miaka yote niliyosoma.

Tofauti ya mada na swali ni hii. Mada ni "akili mnemba na sheria". Unaweza kuisoma mpaka uzeeke, na kila mtu ana maoni juu yake. Swali ni "wakili akiwasilisha mahakamani hoja iliyoandikwa na mashine, nani anawajibika ikigundulika kuwa ni ya uongo?" Swali lina mlango wa kuingilia: lina kanuni za kusoma, lina hukumu za kutafuta, lina watu wa kuwauliza. Mada haina mlango. Unaizunguka tu.

Swali langu mimi nililiokota mahali nilipokuwa nimenuna. Nilipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, nikapelekwa masjala ya mahakama, kwenye majalada na vumbi, wakati wenzangu wanawafuata mawakili vyumba vya mahakama wakiwa na suti. Nilijiona nimetupwa. Siku niliyoruhusiwa hatimaye kuketi mahakamani, shauri la kwanza lilichukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. "Mdaiwa yuko wapi?" "Hajapata samansi, mheshimiwa." Likaahirishwa. La pili likawa hivyo hivyo. La tatu, mdaiwa alifika akiwaka hasira: hukumu ya upande mmoja ilikwisha kutolewa dhidi yake, na yeye anaapa kuwa hakuwahi kuona karatasi yoyote.

Nilirudi masjala nikamsimulia mama mmoja karani, mtu wa miaka mingi pale. Hakushangaa. "Mwanangu, kesi nyingi hazifii kwenye sheria. Zinafia njiani, samansi ikitembea."

Basi nikaanza kujiuliza: mtu anahesabiwa lini kuwa amepata wito wa mahakama? Swali kavu kabisa. Halina semina, halina cheti, na ukilitaja kwenye kundi la wanafunzi wenzako watabadilisha mazungumzo. Lakini chini yake kuna kanuni kongwe kuliko karibu zote tunazofundishwa, kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Na asiyejua kuwa ameshtakiwa atasikilizwaje?

Nilipoanza kuchimba nikakuta shimo halina mwisho. Mdaiwa akiwa nchi nyingine, kuna Mkataba wa The Hague wa mwaka 1965 unaoeleza namna ya kupeleka nyaraka za mahakama ng'ambo. Mdaiwa asipojulikana alipo, majaji wamekuwa wakibuni njia. Mwaka 2008 mahakama moja ya Canberra, Australia, ilikubali wanandoa walioshindwa kulipa mkopo wa nyumba wapelekewe hukumu kupitia Facebook, baada ya mkopeshaji kuonyesha kuwa taarifa zilizo kwenye kurasa zao zinalingana na alizokuwa nazo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaenda mbali zaidi. Katika shauri la mtu aliyedai kuibiwa sarafu za kidijitali na matapeli asiowajua hata kwa majina, iliruhusu nyaraka zitumwe kama tokeni, yaani kipande cha kidijitali kinachotumwa kama sarafu zenyewe, moja kwa moja kwenye pochi za kidijitali zilikopelekwa sarafu zile. Fikiria: samansi inaingia mfukoni mwa mwizi bila mtu yeyote kujua mwizi ni nani.

Nikakuta pia swali langu limejificha kwenye usuluhishi wa kimataifa, ule ambao kila mwanafunzi anautamani. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 ndio unaofanya tuzo ya wasuluhishi, yaani uamuzi wao, iliyotolewa nchi moja itekelezwe nchi nyingine. Ibara yake ya tano inataja sababu chache za kukataa kutekeleza, na mojawapo ni kwamba aliyeshindwa hakupewa taarifa ipasavyo. Mambo ya masjala yale yale, ila yamevaa suti.

Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata hivyo. Ofisi ilikuwa na mteja aliyetaka kutekeleza tuzo, upande wa pili ukadai haukupata taarifa, na mimi nilikuwa mtu pekee mezani niliyekuwa nimesoma jambo hilo kwa hiari yangu. Sikuwa na akili kuwashinda wenzangu. Nilikuwa tu nimelitangulia swali.

Usidhani haya ni bahati ya mtu mmoja. Max Schrems alikuwa mwanafunzi wa sheria kutoka Austria akisoma kwa muhula mmoja California. Mwanasheria wa Facebook alikuja kuzungumza darasani kwao, na Schrems akaona kampuni haizichukulii kwa uzito sheria za Ulaya za kulinda taarifa binafsi. Akaandika insha ya darasa. Kisha mwaka 2011 akatumia haki aliyokuwa nayo kama raia yeyote wa Ulaya, akaidai kampuni impe taarifa zote inazomhifadhia. Akapata zaidi ya kurasa 1,200, zikiwemo na vitu alivyodhani amevifuta. Malalamiko yake kwa mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ya Ireland yalisafiri hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2015 ilibatilisha mpango wa Safe Harbour uliotumika kuhamishia taarifa za watu wa Ulaya Marekani. Mpango uliofuata, Privacy Shield, nao ukaanguka mwaka 2020. Vyote vilianzia kwenye insha.

Wengine ni wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, huko Vanuatu. Mwaka 2019 walijiuliza darasani: je, tunaweza kuipata Mahakama ya Kimataifa ya Haki itamke wajibu wa mataifa kuhusu tabianchi? Tazama ukali wa swali hilo. Hawakuuliza "tufanye nini kuhusu tabianchi". Walitaja mahakama ipi, na walijua kuwa kwa njia ya maoni ya ushauri hawahitaji kumpeleka mtu yeyote mahakamani, ila wanahitaji Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liulize. Wakaandikia viongozi wa visiwa vyao. Serikali ya Vanuatu ikalibeba, zaidi ya nchi 130 zikaunga mkono, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha ombi hilo bila kupigiwa kura. Maoni ya mahakama yalitoka tarehe 23 Julai 2025. Ni miaka sita tangu darasani. Ninapowasimulia wanafunzi kisa hiki, wengi huvutiwa na mwisho wake. Mimi huwaomba waangalie mwanzo: mtu alisoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa mpaka akaona mlango.

Sasa hili la akili mnemba, maana najua nitaulizwa. Shauri linalotajwa sana ni la New York, la abiria aliyedai kuumizwa goti na kitoroli cha huduma ndani ya ndege ya Avianca. Mwaka 2023 mawakili wake waliwasilisha hoja yenye hukumu sita ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. ChatGPT ilikuwa imezibuni. Wakatozwa faini ya dola 5,000. Wengi wanalisimulia kama kichekesho cha mtu mvivu. Mimi linanitisha kwa sababu nyingine. Suala lililobishaniwa lilikuwa ukomo wa muda chini ya Mkataba wa Montreal wa usafiri wa anga, eneo ambalo wakili mwandishi hakulizoea. Hakuwa na namna ya kusikia kwamba kitu hakikai sawa. Aliyelizoea eneo lake huisoma hukumu ya kubuni na nywele zikamsimama: mbona jaji anazungumza hivi, mbona tarehe haiendani na mkataba? Hisia hiyo haipatikani kwenye muhtasari. Inatokana na kusoma hukumu nzima nzima, hadi ya jaji aliyepinga wenzake, mara nyingi kuliko unavyopenda.

Mashine itachukua kazi nyingi tulizopewa sisi tulipoanza, za kupekua nyaraka na kufupisha hukumu. Hilo silipingi, na kusema kweli kazi hizo zilikuwa zinaua macho. Kinachonisumbua ni kwamba ndizo zilizotufunza. Mwanafunzi wa leo itabidi ajifunze kwa makusudi kile ambacho sisi tulikipata kwa kulazimishwa.

Utalipataje swali lako? Mimi sina njia nyingine zaidi ya kwenda pale sheria inapokwama na kukaa hapo. Masjala, kituo cha msaada wa kisheria, dawati la mikataba la kampuni, popote. Sikiliza jambo linalorudiwa rudiwa kama kero, ambalo watu wa pale wameacha kulishangaa. Waheshimu makarani, wanajua sheria inavyotembea kuliko maprofesa wengi, na hawatakwambia ukiwaingia kwa majivuno. Ukishapata swali, liandike kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Likihitaji sentensi mbili, bado ni mada. Soma kanuni za mwenendo wa mashauri kabla ya nadharia, kisha andika ukurasa mmoja, mmoja tu, unaoweza kueleweka na ndugu yako asiyesoma sheria. Na siri za mteja zisiingie kwenye ukurasa huo hata kwa kufichwa majina. Ofisi ndogo, majalada machache, watu hutambuana.

Kuhusu wanaosema chagua kati ya kuwa wakili, jaji, mwanasheria wa kampuni au mhadhiri, sina mengi. Swali zuri hukupitisha kwenye kazi hizo zote bila kukuomba ruhusa.

Miezi kadhaa iliyopita nami niliketi upande wa pili wa meza, nikisaili. Aliingia binti mmoja na wasifu wa ukurasa mmoja, vyeti viwili tu. Nikamuuliza lile swali la zamani. Akasema: shahidi anapotoa ushahidi kwa video akiwa nyumbani kwake, mahakama inajuaje nani yuko nyuma ya kamera? Alikuwa amesikiliza mashauri ya mtandaoni wiki nyingi, akiandika kila mara macho ya shahidi yalipohama kabla ya kujibu. Nikampinga, akanijibu. Nikampinga tena, akatoa kanuni mkobani akanionyesha kifungu nilichokuwa nimekisahau.

Mwenzangu alinigusa kiwiko kunikumbusha kuwa nje kuna wengine sita wanasubiri. Nilimwomba aniachie nakala ya daftari lake.