Mfugaji na mchungaji: pataneni kabla kondoo hawajatoka zizini

Watu wengi wa Mwanza mjini wana kondoo vijijini, Magu, Misungwi au Sengerema. Hujiita wafugaji, na ni kweli: mfugaji ndiye mwenye mifugo na mwenye kuamua. Mchungaji ni yule anayeshinda nao malishoni. Kwa familia nyingi kazi zote mbili ni za mtu mmoja. Zikigawanyika bila mapatano, wanaoumia ni kondoo.

Mimi nafuga karibu na ziwa, na jambo la kwanza ninalopatana na mchungaji ni saa ya kufungua zizi. Kondoo, tofauti na mbuzi anayependa vichaka, hula nyasi hadi karibu na udongo. Minyoo wachanga hupanda juu ya nyasi zenye umande, kwa hiyo tunangoja jua liukaushe.

La pili ni mabwawa ya kando ya ziwa. Huko kuna konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Kiangazi majani mabichi hubaki hukohuko tu, na kumkataza mchungaji bila kumpa pengine pa kwenda ni kumwonea. Kutenga ngitili, yaani eneo la malisho lisiloingizwa mifugo kwa muda, mvua zikiwa bado zinanyesha, ili nyasi zibaki za kiangazi, ni kazi ya mfugaji. Wasukuma wamefanya hivyo tangu zamani, na sijaona njia bora zaidi.

Mchungaji naye huona usiyoyaona wewe wa mwisho wa wiki. Mfundishe kuvuta chini kope ya chini ya jicho la kondoo. Ndani pakiwa pekundu, damu ipo. Pakiwa peupe, huenda minyoo wanaifyonza. Uvimbe laini chini ya taya nao ni dalili mbaya. Akikupigia simu kukueleza hayo, mtafute mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, usimwambie asubiri mshahara wako. Ukimpuuza mara mbili, hatapiga tena, na mimi simlaumu.

Malipo pia yasiachwe hewani. Wengine hulipa fedha kila mwezi, wengine hutoa mnyama kwa mwaka. Semeni pia atakayelipa kondoo wakiingia kwenye mahindi ya jirani, na huyo mnyama wa malipo ni jike au dume, kwa sababu jike atamzalia na dume ataishia mnadani. Andikianeni, na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi.