Kabla hujasema Uganda wametupita kwa viwanda

Kazi yangu hapa Dodoma inanikutanisha sana na wanafunzi wa tasnifu, na kila msimu swali hili linarudi: viwandani nani kapiga hatua zaidi, sisi au Uganda? Mtu anapakua jedwali, anachora mistari miwili, anahitimisha. Mimi humwambia asome kwanza kichwa cha jedwali, neno kwa neno.

Majedwali mengi yanaposema sekta ya viwanda yanajumlisha madini, umeme, maji na ujenzi. Kwetu hilo si dogo. Dhahabu ikichimbwa zaidi Geita, reli ya SGR ikijengwa, maghorofa yakiinuka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, sekta inapanda hata kama hakuna kiwanda kipya cha nguo popote. Chukua safu ya uzalishaji viwandani peke yake. Angalia pia kama ni Tanzania Bara tu, maana Zanzibar ina Mtakwimu Mkuu wake.

Halafu uliza: hii ni thamani ya mauzo au thamani iliyoongezwa, yaani kinachobaki ukitoa gharama ya malighafi na huduma zilizonunuliwa? Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na huhitaji kwenda mbali kuliona. Nenda kwenye mashine yoyote ya kukamua alizeti huku kwetu, Kibaigwa au njia ya Singida. Mkulima analeta magunia yake, mwenye mashine anamtoza ada ya kukamua, basi. Msimu unaofuata mwenye mashine huyohuyo kapata mkopo: ananunua alizeti mwenyewe, anakamua, anauza mafuta kwa madumu na mashudu kwa wafugaji. Mashine ni ileile na mafuta ni yaleyale, ila mauzo kwenye daftari yameruka mara kadhaa. Ukitoa gharama ya alizeti, umeme na madumu, kilichoongezwa pale hakijasogea sana. (Na hapo nimedhani daftari lipo!) Ukilinganisha nchi mbili kwa mauzo, unaweza kuwa unapima nani ananunua malighafi, wala si nani anazalisha.

Kuhusu fedha, usithubutu kutumia bei za miaka husika, yaani kila mwaka kwa bei zake, kwa kipindi kirefu. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8 zetu. 1990 ilikaribia 200. Uganda nao mwaka 1987 walibadili noti na kukata sifuri mbili. Tumia bei za kudumu, yaani miaka yote kwa bei za mwaka mmoja. Benki ya Dunia ina mfululizo wa dola za mwaka 2015 kwa nchi zote mbili. Ila ukitumia takwimu za nchi zenyewe, chunga mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei zake na muundo wa uchumi wake ndio kipimo cha miaka mingine. Desemba 2014 tulipohamia kizio cha 2007, Pato la Taifa la mwaka huo 2007 lilipanda kwa zaidi ya robo bila mtu kuzalisha hata sabuni moja ya ziada. Baadaye tukahamia 2015. Usibandike mfululizo mpya juu ya wa zamani: shika kiwango kipya, kisha rudi nyuma kwa kutumia kasi ya ukuaji ya mfululizo wa zamani.

Mwaka wa kuanzia nao unaamua mshindi. Uganda iliwafukuza Waasia mwaka 1972, vita vikafuata 1978 na 1979, viwanda vikalala. Ukianzia 1986 unawakuta shimoni, na sehemu ya ukuaji wao ni mashine za zamani kuwashwa tena. Sisi nasi miaka hiyo viwanda vyetu vilikuwa vikifanya kazi chini sana ya uwezo kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni. Mimi ningeanzia 1970 na kuonyesha shimo lote, hata kama grafu haitapendeza.

Jambo dogo la mwisho: takwimu nyingi za Uganda zinafuata mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, na zetu za Pato la Taifa ni Januari hadi Desemba. Tafuta za robo mwaka, kisha ujumlishe mwenyewe.