Amplifaya ya bei chee na ile ya kifahari: maswali yenu

*Fundi, kaka yangu ana amplifaya ya kifahari inayobebwa na watu wawili. Yangu ni ya kidijitali, inaenea kiganjani. Tulipoichomeka kwenye spika zake sikusikia tofauti, naye anadai masikio yangu ni mabovu. Nani mwenye kosa?*

Masikio yako hayana neno. Spika nyingi za nyumbani zina usikivu wa desibeli 87 hivi: zipe wati moja tu, kaa mita moja mbele yake, na tayari utalazimika kupaza sauti ili usikike. Kwenye wati hiyo moja, chipu nzuri ya bei chee haina cha kuonea haya. Jambo hili lilizua gumzo katikati ya miaka ya 2000, pale Sonic Impact ya Marekani ilipouza T-Amp, kisanduku cha plastiki cha kutumia betri, kwa chini ya dola 40. Ndani yake mlikuwa na chipu ya Tripath TA2024, na hata wenye mitambo ya maelfu ya dola walikisifu.

Mkirudia jaribio, sawazisheni sauti kwanza, kwa sababu amplifaya inayopiga juu kidogo ndiyo huonekana tamu. Pigeni mlio mmoja wa hezi 100, wekeni multimita kwenye volti za AC, mguse vituo vya spika. Zote mbili zisome volti 2.00. Moja ikisoma 2.10, jaribio limeshaharibika. Kisha mtu wa tatu azime, abadilishe waya, awashe, ninyi mkiwa mmegeukia ukutani. Huenda kaka yako akapunguza maneno.

*Kwa kuwa ni ya kidijitali, inageuza muziki kuwa namba?*

Nyingi hazifanyi hivyo. Amplifaya ya Daraja D, ndiyo aina hiyo yako inayoitwa ya kidijitali, huukatakata muziki kuwa mapigo ya umeme laki kadhaa kwa sekunde, mapana kwa membamba kufuata wimbi la sauti. Koili na kapasita za kutokea huyalainisha kabla hayajafika kwenye spika. Transista ama imefunguka kabisa ama imefungwa kabisa, hivyo umeme unaopotea kwa joto ni kidogo. Ya Daraja A hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa joto. Ndiyo maana ya kaka yako, kama ni ya aina hiyo, ina mapezi mazito ya alumini.

*Yangu imeandikwa wati 100 kila upande, lakini adapta yake ni ya volti 12, ampia 3. Inawezekana?*

Hapana. Zidisha mwenyewe: 12 mara 3 ni wati 36, na hizo ni za pande zote mbili, kabla hujatoa zinazopotea njiani. Kwenye spika ya omu 8, volti 12 haziwezi kukupa zaidi ya wati 9 safi kwa upande. Ukiipa volti 24, kikomo kinapanda hadi wati 36. Hiyo 100 iliyochapwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa spika ya omu chache, volti za juu kabisa, na sauti ikiwa imeshachafuka kwa asilimia 10. Hata ile TA2024 iliitwa ya wati 15 kwa hesabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo kabla hujaitupa, badilisha adapta. Ila fungua kifuniko kwanza, usome ngozi ya kapasita kubwa zilizo karibu na tundu la umeme. Zikiwa zimeandikwa 35V na chipu ni TPA3116, volti 24 ni sawa, kwani chipu hiyo inakubali hadi 26. Zikiwa 25V, usithubutu.

*Sasa ya ghali inalipiwa nini?*

Inalipiwa nguvu ya akiba. Zipo spika ambazo ukinzani wake hushuka hadi omu 3 kwenye besi. Hapo ndogo huishiwa pumzi au hujizima. Pia, katika chipu nyingi za bei chee koili ya kutokea iko nje ya mzunguko unaojisahihisha (ule unaolinganisha sauti inayotoka na iliyoingia), hivyo sauti nyembamba hubadilika kufuatana na spika uliyofunga. Mhandisi Bruno Putzeys alilitatua hilo kwa kuingiza koili ndani ya mzunguko huo, akiwa kampuni ya Philips na baadaye ya Hypex. Moduli za Hypex leo zimo ndani ya amplifaya za kifahari kadhaa, kwa hiyo ugomvi wa “kidijitali” na “ya kweli” umepitwa na wakati. Sehemu nyingine ya bei, tusidanganyane, ni sanduku.

*Nina pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu.*

Spika.

*Naweza kuchukua waya wa sabufa kutoka kwenye vituo vya spika vya hii ndogo?*

Taratibu. Nyingi zina umeme kwenye vituo vyote viwili, hasi na chanya. Ukiunganisha hasi za kushoto na kulia pamoja, au hasi yoyote na bodi ya chuma, chipu inaweza kuungua papo hapo. Tumia sabufa yenye tundu la RCA, uichukulie sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya.